Ukurasa wa Themanini na Moja

Kiswahili kiliniingia kwa sikio,
jikoni, pamoja na mvuke wa wali,
kikachukua miaka thelathini na mbili
kufika machoni.
Shuleni Sibu tulisoma Kiarabu.
Lugha ya mama haikuwa na daftari;
ilikuwa na mwiko, na "wee, njoo hapa",
na hadithi zilizokatizwa na chungu kinachofurika.

Kitabu changu cha kwanza nilikisoma kwa midomo,
kama mtoto wa chuo anayefuata kijiti,
mwezi wa Juni, nyuzi arubaini na sita nje,
kiyoyozi kikinung'unika.
Neno "ng'ombe" lilinisimamisha.
Kile kialama juu nilikidhani nzi ametua.
Nikampiga kwa kidole, hakuruka.
Kisha nikalitamka, taratibu,
na pua ikakumbuka.

Sasa tuko sita.
Shinuna wa Mabela, aanzaye na ukurasa wa mwisho
wala hana haya.
Bi Ghania na kalamu yake nyekundu,
awasahihishaye hata waandishi waliokwisha kuzikwa.
Warda na nduguye Thuweba, wanaogombania nakala moja
kama walivyogombania kitanda Bujumbura.
Muhanna, dereva wa lori la maji,
husoma kwenye foleni ya kisima
na kurasa zake hurudi zimevimba.
Wa sita mimi.

Vitabu huja ndani ya masanduku ya wasafiri,
vimeviringishwa kanga, ubavuni mwa chupa ya achari.
Maktaba hatuna. Tuna duka la Rafikul,
fundi wa kanzu, karibu na soko la samaki,
asiyejua Kiswahili ila "bado" na "kesho"
(sijui sisi tulimfunza, au yeye ndiye aliyetufunza).
Unaacha kitabu chini ya cherehani yake,
mwenzio anakipitia.
Sharti ni moja: kabla hujakirudisha
omba kipande cha kitambaa pale sakafuni,
ukiweke kwenye ukurasa uliokukaba koo.

Ndivyo tulivyojuana.
Warda hutia kitambaa penye chakula.
Muhanna, penye mvua.
Shinuna, penye matusi.

Sasa kikarudi kile kitabu kinene kutoka kwa Bi Ghania,
kitambaa cha rangi ya maziwa, ukurasa wa themanini na moja,
na hakuna wekundu popote baada ya hapo.
Tukausoma. Mwanamke anafunga dirisha.
Basi. Anafunga dirisha, anaenda kulala.
Tukakesha nao!
Shinuna akasema, huyo ni mumewe anamlilia.
Warda akasema, ni ile nyumba waliyoiacha, hamuoni? Dirisha!
Muhanna akasema pengine kulikuwa na vumbi.
Mimi nilikuwa na maelezo marefu zaidi,
nayaonea aibu hadi leo.

Alhamisi tukamwendea, tukamuuliza.
Akapapasa kikombe cha kahawa, akakikosa,
akakipata.
"Hapo," akasema, "ndipo macho yaliponigomea."

Hakuna aliyekohoa.

Tangu siku hiyo tunamsomea, kwa zamu,
kuanzia palepale dirishani.
Kalamu nyekundu imehamia ulimini:
"Rudia. Hapo pana mkato, wewe umepita mbio."
"Thuweba, hiyo ni Kiswahili au ni Kirundi?"
Zamu yangu ikiwadia hujikwaa, yeye hungoja,
kichwa ameinamisha upande mmoja
kama mama alivyosikiliza wali ukikauka.

Tumefika mia na arubaini. Hatuna haraka.
Jana, naliweka begi tayari,
binti yangu Mayasa, asiyesoma ila simu,
akauliza kwa Kiarabu, bila kuinua uso,
"Yule mwanamke alilifungua tena?"
Sikujua alikuwa akisikia
nikifanya mazoezi chumbani, peke yangu, kwa sauti.
Nikamjibu kwa lugha ya mwiko:
bado.