Kiti cha Plastiki

Iddi, Mabela, nyumbani kwa mtoto wa dada.
Wenzangu chini, wamezunguka sinia,
shuwa inafuka, mikono inapishana.
Mimi nimeletewa kiti cheupe cha plastiki
na sahani ya peke yangu.
Nawatazama utosini.
Vicheko vyao vinaishia magotini kwangu.

Daktari aliuliza: maumivu, moja mpaka kumi?
Nikasema sita.
Hakuuliza mbona silali,
mbona simu ya Shinuna naiacha ilie mpaka ikate.
Picha ilionyesha mfupa ukisaga mfupa;
mwenye kusagika hakutokea.

Nasali kitini. Paji langu limesahau
harufu ya mswala.
Naogopa ngazi. Naogopa harusi.
Naogopa "pole, bibi" ya watoto.

Shinuna kainuka na sahani yake,
kaburuta kiti kingine, kelele hadi watu wakageuka.
"Habari za goti nazijua," kasema. "Zako wewe?"

Nilifungua mdomo niseme afadhali.
"Nimechoka," nikasema. "Mpaka ndani."

Hakunipa dua, wala dawa ya binamu yake.
Kanitilia nyama.
Goti likauma vilevile.
Nyama, nilikula.