Iko, Ipo, Imo

Dalali alisema iko.
Alisimama mlangoni, funguo zikimcheza kidoleni:
"Faiba? Iko, dadangu. Tudor nzima iko,"
na mkono wake ukapiga duara hewani
likameza Tudor, Makupa na nusu ya Kizingo.
Nikalipa miezi miwili na amana.

Mwalimu Nyevu, aliyetufunza ngeli kwa fimbo na karanga,
angemkomesha pale pale.
Iko ni ya huko, kusikojulikana.
Ipo, ukiweza kupaonesha kwa kidole.
Imo, ukifunga mlango ikalala ndani na wewe.

Nikapiga simu kampuni. Wakataka anwani.
Anwani gani? Nyumba yetu haina namba.
Nikasema: nyuma ya msikiti, si ule mkubwa,
ng'ambo ya anayekaanga viazi vya karai,
lango la kijani, ila sasa ni buluu.
Ramani yao ikanitupa Kisauni.
Nikairudisha kwa kidole, nyumba kwa nyumba,
nikavuka daraja na bando langu likafa darajani.

Jumatano akaja Kazungu, ngazi begani,
jasho limemchorea ramani nyingine mgongoni.
Akatazama nguzo, akatazama dirisha langu,
akahesabu kwa midomo.
"Ipo," akasema. Akaonesha
kisanduku cheusi, mita kumi na nne,
kunguru kakikalia kama karani wa ardhi.
Ipo! Nikatamani Mwalimu Nyevu asikie.
"Ila lazima tutoboe ukuta. Tundu la kalamu tu.
Niletee ruhusa ya mwenye nyumba."

Mwenye nyumba yumo kaburini, mwaka wa tisa huu.
Nyumba ni ya warathi:
Bi Shekue yuko Muscat,
Athmani yuko Lamu,
Mwanaisha hajulikani aliko ila simu hupokea,
na Bakari yupo, hapa juu ya dari langu,
nasikia anapokohoa. Hasemi na wenzake watatu.
Kodi yangu huigawa wakili, mafungu kwa mafungu,
kama nyama ya harusi iliyovunjika.

Nikafungua kundi la simu. Nikaliita Tundu.
Nikawatia wote wanne, nikaomba kwa adabu.
Siku tatu, kimya. Alama za buluu tu.

Ya nne, usiku, sauti ya Bi Shekue:
"Ukuta upi? Kama ni ule wa barazani, msiuguse.
Mama akiegama pale akichambua mchele."
Athmani: "Si wa barazani, wewe ulishaolewa wakati ule.
Ni wa chumbani. Alama ya kichwa chake iko pale,
mafuta ya nazi."
Mwanaisha akacheka, dakika nzima ya kucheka,
nami nikanunua bando la hamsini
kusikiliza watu wasiojua jina langu
wakigombania pahali pa mgongo wa mama yao.

Nikasogeza meza ninayofanyia kazi.
Taa ya simu. Chokaa imebabuka.
Na hapo, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa chini,
duara la hudhurungi,
laini kuliko ukuta wote.
Nilikuwa nimelitundikia kalenda.

Nikapiga picha. Dakika kumi na moja ikipanda,
ikisita, ikipanda,
hadi nikasikia juu ya dari
simu ya Bakari ikilia mara moja.
Kisha kiti kuburutwa.
Kisha nyayo, polepole, zikishuka ngazi zetu,
zikasimama upande wa pili wa mlango.
Hakubisha. Nami sikumharakisha.

Asubuhi Kazungu akapiga:
"Vipi, dada, ile ruhusa ipo?"

Nikautazama ukuta, na kikombe kitupu
alichokiacha mzee wa watu sakafuni.

"Iko," nikamwambia.