Jibu la Kichwa

Daktari Penka ana kalamu iliyotafunwa mwishoni.
Aliandika neno kwa herufi ndogo,
kana kwamba udogo wa herufi hupunguza kitu,
akaigeuza karatasi initazame.
Malengelenge. Ya huko chini.
Nikacheka. Nilikuwa nimeilaumu sabuni.

"Nina mume," nikamwambia,
kama abiria anayeonyesha tiketi.
"Miaka kumi na mmoja."

Akasema kirusi hiki hujua kulala.
Hulala mwaka, hulala kumi,
ndani ya mishipa ya fahamu, chini ya kiuno,
kisha uchovu, au homa, au bila sababu yoyote,
kinaamka.
Huenda ni yeye. Huenda ni wewe, kabla yake.
Hakuna kipimo kinachotaja siku.

Nami nilitaka siku. Nilitaka hata jina la mtaa.
Nikapewa vidonge vya siku kumi
na kijitabu chenye picha ya wapenzi waliovaa sweta.

Septemba, hapa Ruse, mji mzima hunuka hoho za kuchoma.
Kila roshani ina jiko lake, kila jiko moshi wake.
Tsonka wa ghorofa ya pili akaniita nionje;
nikauficha mfuko wa dawa nyuma ya koti.
Kwenye basi nilikuwa nimewahesabu wanaume wa kabla ya Ognyan.
Hawakumaliza vidole vya mkono mmoja,
ila leo kila mmoja alikuwa ameota sura.
Kisha nikaihesabu miezi yake ya Mannheim:
ishirini na sita, akijenga nyumba za watu,
akiniletea chokoleti, na kimya.

Nilimkuta jikoni akimenya,
vidole vyekundu, maganda meusi yamemganda hadi kiwiko.
Nikaiweka karatasi kati ya chumvi na siki.
Aliisoma akichezesha midomo, kama asomavyo bili.

Nikauliza.
Akainamisha kichwa, mara moja.

Sisi huku, kuinamisha kichwa ni kukataa
na kukitikisa ni kukubali;
wageni hupotea, hupanda basi lisilo lao.
Lakini Ognyan alirudi Ujerumani na shingo iliyochanganyikiwa.
Dukani huinamisha akiutaka mfuko,
kesho yake huinamisha asipoutaka;
mama yake mzazi humuuliza mara mbili.
Miaka mitatu tumelicheka jambo hili.
Jioni ile, dunia nzima ilikuwa shingo ile.

"Sema kwa mdomo."
"Hapana," akasema.
Na baada ya muda: "Na wewe?"

Sikuwa nimejiandaa.
Nilibeba mashtaka kutoka zahanati hadi ghorofa ya nne
bila kukumbuka kwamba na mimi nina kiti.
"Hapana," nikasema,
nikasikia jinsi hapana yangu ilivyofanana na yake:
neno lile lile, uchi, bila shahidi.

Hoho zikaanza kuungua kweli. Akaenda kuzigeuza.
Usiku ule tulijaza mitungi thelathini na saba,
yeye akimimina, mimi nikikaza vifuniko,
na vilivyogoma nilimpa yeye, kama kawaida.

Wiki iliyofuata akapimwa. Naye anacho.
Karatasi mbili sasa, mlangoni pa jokofu,
chini ya sumaku moja,
na hakuna inayoishuhudia nyenzake.

Vidonda vimekauka. Penka anasema vitarudi, vikiwa vidogo zaidi.
Kuna usiku ninamwamini kwa uzito wangu wote, nalala.
Kuna usiku ninahesabu tena: ishirini na sita,
halafu, kwa haki, vidole vyangu.

Leo asubuhi theluji ya kwanza.
Nimefungua mtungi, nimekata mkate,
nimemuuliza kama anataka kahawa.
Akatikisa kichwa.
Nikashika birika, nikasubiri mdomo.