Ganda la Chungwa

Inspekta Kirigha hakukimbia hata siku moja.
Wapelelezi wengine waliruka kuta,
walivunja milango kwa mabega.
Yeye aliketi kwenye kiti cha marehemu,
akatoa kisu kidogo, akamenya chungwa.
Ganda lilishuka mzingo kwa mzingo bila kukatika,
na lilipogusa sakafu, sisi kule Jericho,
watu kumi na saba sebuleni kwa Mama Wakesho,
tulijua amekwisha kumjua.

Alhamisi, baada ya taarifa ya habari.
Runinga ilikuwa na miguu minne, kitambaa cha kufuma,
na antena isiyokubali kuachwa peke yake.
Mimi ndiye niliyeishika. Nimeshuhudia mauaji mengi
shingo upande, mkono juu,
kama mtoto anayejua jibu na haulizwi.

Fundi Musembi hakumwamini Kirigha.
"Mtu gani anakula nyumbani kwa maiti?"
Wake alikuwa Bi Tindi, yule wa Jumanne,
aliyesoma uongo kwenye viatu vya watu.
"Soli haina adabu," alisema Bi Tindi,
na Musembi, mshona viatu, akapiga goti lake
kama aliyetajwa jina redioni.
Mama alikuwa wa Kirigha. Alinunua machungwa
tusiyoyahitaji, akajaribu jikoni mlango ukiwa umefungwa.
Ganda lilimkatikia kila mara, karibu na kitovu.

Usiku wa kisa cha mhasibu wa Ngara,
Kirigha akiwa nusu ya chungwa,
stima ikapotea.
Mtaa mzima ukaguta yowe moja.
Kisha, bila kuambizana, tukaendesha kesi gizani.
"Ni mke."
"Si mke. Chai ilimwagikia jikoni," alisema Mama,
"na mwenye nia mbaya hupunguza moto kwanza."
"Ni shemeji. Anacheka kabla mzaha haujaisha."
Halafu kaka yangu Wafubwa,
aliyekuwa akitupa neno moja moja tangu Krismasi:
"Hakuna aliyeuawa. Ule mwili si wake.
Mtu anaweza kulichoka jina lake, akaliacha."
Tulicheka. Musembi alicheka hadi akakohoa.
Stima ilirudi alfajiri. Kile kisa hakikurudiwa.

Mwezi uliofuata, Alhamisi pia,
Wafubwa alitoka kwenda kununua betri za redio.

Kituoni, askari aliandika jina kwenye kitabu cha matukio.
Kalamu ilikauka kwenye herufi f.
Akaitikisa, akaipulizia, akamalizia kwa penseli.
"Uchunguzi unaendelea," alisema Machi,
na Juni, na mvua za vuli zilipoanza
alikuwa askari mwingine, sentensi ile ile.
Hakuna aliyeuliza alivaa viatu gani.
Hakuna aliyekuja kuketi kwenye kiti chake.

Sasa tunakaa Umoja. Runinga yangu imetundikwa ukutani,
pana kama mlango, haina haja ya mtoto wa kuishikilia.
Wapelelezi wamejaa humo, wa kila taifa, wana huzuni na magari mazuri.
Binti yangu Nasimiyu huruka hadi mwisho,
akamwona muuaji, ndipo arudi mwanzo.
Mama, macho yake yamefunga ukungu,
huuliza kutoka kochini, "Amemenya?"
"Huyu hali kitu, Mama."
"Basi hajui."

Jana jioni aliomba kisu.
Nilimpa chungwa, nikasogeza beseni, akalisukuma kwa mguu.
Alimenya kwa vidole, bila kuangalia,
na ganda likashuka, likapita goti,
likapita upindo wa kanga, likafika kwenye saruji
zima.
Nasimiyu alisimamisha filamu.
Mama akakaa na lile chungwa uchi mkononi
muda wa kutosha mtu kwenda dukani na kurudi.

"Betri," alisema.
"Redio yetu ilikuwa ya stima."

Kisha akalipasua, akatafuta mkono wangu,
akanipa kipande chenye mbegu nyingi.