Mpira wa Chini

Mara tatu Volga ya baba ilichemsha pale pale,
kona ya nne kabla ya kilele cha Selim,
na mara tatu nilishuka nikasimama kando ya mvuke
kama mtu aliyefika msibani bila kujua aliyekufa.

Fundi wa Yeghegnadzor alibadilisha themostati.
Fundi wa Gavar alisema rejeta imeziba,
akaizibua kwa siki na matusi.
Binamu yangu, ambaye si fundi ila ana sauti,
aliniuzia pampu mpya.
Sindano ya joto haikumsikiliza hata mmoja.
Ilipanda.

Varsenik wa Martuni hakushika spana.
Alifuta mikono kwa gazeti, akauliza:
"Linachemsha likisimama kwenye foleni?"
Hapana.
"Tambarare, kando ya ziwa?"
Hapana.
"Mlimani, gia ya pili, umekanyaga?"
Ndiyo. Hapo ndipo.
Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa.
Oili ilikuwa oili, haijageuka maziwa.
"Basi gasketi ya hedi tuiache ilale."

Mfuniko wa rejeta hakuugusa.
Alinionyesha kovu, kutoka kiwiko hadi kwapani:
"Moskvich. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na haraka."

Akaniambia niwashe, tungoje.
Kisha akainama chini ya boneti,
akavuta waya wa kabureta kwa kidole,
na injini ilipoanza kunguruma akaniita: tazama.

Mpira wa chini, ule unaorudisha maji,
mzima kabisa injini ikipumua polepole,
sasa ulikuwa unabonyea, unabonyea,
kama mashavu ya mzee anayefyonza kipisi cha mwisho,
hadi pande zake mbili zikagusana
na maji yakakosa njia.

Akaachia waya. Mpira ukajaa tena,
ukajifanya haujui lolote.
"Hivi ndivyo walivyouona wote," alisema.
"Waliufungua, wakaurudisha."

Alipoukata, haukuwa mpira wa gari.
Ulikuwa kipande cha bomba la kukamulia ng'ombe,
bila springi ya ndani ya kuushika.
Nikautambua mkono: kibano kilichokazwa kwa sarafu,
fundo la waya la baba,
wa ile miaka ya baridi bila umeme
alipovuka Selim na viazi, akirudi na mafuta ya taa,
na madukani hakukuwa na kitu ila mizani.

"Alikuwa fundi?" akauliza Varsenik.
Mwalimu wa jiografia, nilijibu.
Akacheka, akaweka mpya.

Sindano sasa inalala katikati.
Hata hivyo, kona ya nne, Agosti,
nafungua hita hadi mwisho, madirisha wazi,
jasho likinichuruzika mgongoni.
Kile kipande kiko chini ya kiti changu.
Siku za jua kali kinanuka maziwa.