Sarafu Chini ya Maji

Siku ya kwanza bwawa lilikuwa maziwa.
Siku ya pili, togwa.
Siku ya tatu Bi Restituta, meneja, akasimama ukingoni,
mkono kiunoni, akaniuliza kama nimepika uji humu.

Nikamwomba sarafu. Akatoa ya mia mbili.
Nikaitupa kwenye kina.
Ikazama shibiri moja, ikapotea
kama mshahara.
"Siku utakayoisoma ukiwa hapo ulipo," nikamwambia,
"ndiyo siku wageni wataoga."

Ni upepo wa Agosti, huu wa Dodoma usiobisha hodi,
unaokomba vumbi lote la Nkuhungu
kuja kulilaza kwenye vigae vya bluu.
Ni maji ya kisima pia, magumu,
yale yanayoivisha birika kanzu nyeupe kwa ndani.
Na ni mimi, niseme kweli:
kila yalipochafuka niliongeza klorini ya unga,
kopo juu ya kopo, chokaa juu ya chokaa,
kama mtu anayemfokea kiziwi.

Wakaja washauri.
Muuzaji wa vidonge: "Tumbukiza, sahau."
Lakini vidonge huacha kitu majini,
kitu cha kuikinga klorini na jua,
hadi ikakingwa kupita kiasi, ikanenepa,
ipo kazini lakini haifanyi kazi.
Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo.

Kijana kutoka Dar, shati limenyooka,
akafunua picha ya mashine ya chumvi.
Hainuki, haichomi macho, inajipikia dawa yenyewe.
Nikamuuliza: umeme ukikatika?
Nikamuuliza: chokaa ikigandia kwenye vyuma vyake?
Akajibu vizuri. Alikuwa amesoma.
Swali la tatu sikumuuliza.

Usiku nikapima. Matone matano kwenye kichupa,
rangi ikapanda, nyekundu ya kitenge kipya.
Nikaishusha kwa asidi, kidogo kidogo,
upepo ukiwa mgongoni.
Kisha nikasaga shabu,
ile ile ambayo kinyozi hukupaka kidevuni,
nikaikoroga, nikainyunyiza, nikazima pampu.

Mama yangu, kule Mvumi, alifanya hivi mtungini
kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa.
Alisema uchafu mmoja mmoja huelea;
ukipata mwenzake, huwa mzito.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.
Hakuna muuzaji wa kungoja.

Alfajiri wingu lote lilikuwa limelala sakafuni.
Nikalinyonya kwa bomba taratibu,
kama unavyomvua shati mtoto aliyesinzia.

Sasa lile swali.
Nyuma ya ukuta, Mama Mbeleje ana matuta sita ya mchicha.
Maji ninayooshea chujio siyamwagi barabarani;
nayaweka kwenye tangi kuukuu, juani, siku tatu,
mpaka harufu iondoke, ndipo nafungua koki.
Klorini jua huila.
Chumvi jua huiacha pale pale,
na mchicha hauelewi habari za mashine.

Basi nikachagua klorini ya maji,
ya madumu, inayochoka njiani kwa joto,
inayotaka kununuliwa kila wiki na kufichwa gizani.
Bi Restituta akauliza kwa nini hiyo.
Nikasema: bei.

Saa nne nikamwita.
Akainama, akakunja uso, akaukunjua.
"Simba," akasema. "Naona simba wawili."
Kisha akadai mia mbili yake.

Nikamwambia sijui kuogelea,
na hiyo ni kweli,
na wavu wenye mpini mrefu
ulikuwa umeegemea ukuta, nyuma yangu.