Nguzo Tatu

Jumatatu alfajiri walikuja vijana wa Manispaa
na ndoo ya saruji, na nondo, na karatasi yenye muhuri.
Adhuhuri haijaadhiniwa, zimeshachomoza mdomoni mwa njia yetu
kama meno ya chini ya mtoto:
nguzo tatu za chuma, nyeupe kwa nyekundu.
"Kuanzia hapa," alisoma Shaame, karani, akikohoa vumbi,
"Sokomuhogo haiingii gari. Anayepita apite kwa miguu,
au kwa baskeli, na ashuke akiombwa.
Maegesho ni kule Saateni, kwa saa, kwa risiti."

Haroub wa duka la mchele akatia mikono kiunoni.
"Na gunia langu, lina miguu?"
Shaame hakuwa na jibu la gunia.
Alikuwa na jibu la moshi, na la kuta kupasuka,
na la boriti za zamani zinazotikisika kila lori likirudi nyuma.
Kweli yote. Na Haroub kweli.
Siku ile ukweli ulikuwa mwingi kuliko njia.

Mimi nilimfikiria kaka yangu Khelef.
Kila Ijumaa baada ya sala, miaka tisa,
honi mbili chini ya dirisha. Pii. Pii.
Nashuka mbio vidato thalathini na kimoja,
kioo kinateremka kiasi cha mkono kupita,
mfuko wa changu unatoka, baridi ya ndani inanipiga usoni.
"Mama hajambo?"
"Hajambo."
"Msalimie. Nimezuia watu."
Na kweli kazuia. Nyuma yake vespa, nyuma ya vespa mkokoteni,
na siku moja, nyuma ya mkokoteni, jeneza:
wachukuzi wakibadilishana mabega juani,
wakingoja kioo kipande.

Ijumaa ya kwanza ya nguzo hapakuwa na honi.
Mlango uligongwa. Nikafungua,
mtu kanzu imemganda mgongoni,
samaki wameanza kulainika.
"Elfu mbili kwa saa!" Ndiyo salamu yake.
"Na jua hili! Baraza linatufanya punda."
Akapanda, akihesabu vidato kwa pumzi.
Akaomba maji. Akaomba tena.
Maji ya pili mtu huyanywa amekaa.

Na alipokaa akainua uso, akaiona dari:
boriti ya tatu tumeiegemeza gongo tangu masika ya juzi.
"Hii nini?"
"Ndiyo ile niliyokwambia dirishani."
"Dirisha gani?"
"La gari."
Mama akacheka kicheko chake cha puani,
akamwambia sogea, nikuone.
Umeota mvi, Khelef. Tangu lini?

Sitaki kudanganya. Mwezi wa pili
goti la mama lilivimba usiku likawa balungi,
na gari ya wagonjwa ikasimama kwenye nguzo,
ikizungusha taa zake katika kuta za watu.
Ufunguo wa nguzo ya kati anao Shaame.
Shaame amelala Fuoni.
Tukamtoa mama kwa mkokoteni wa Haroub,
juu ya magunia matupu, pembe ya kanga ameiuma kwa meno,
na alipoiachia, alilitukana Baraza, diwani mmoja mmoja,
kwa Kiswahili ambacho sikujua kuwa anacho.

Asubuhi Haroub alipeleka barua. Nilitia saini.
Ufunguo wa pili sasa unaning'inia dukani kwake,
msumari mmoja na mizani.

Karatasi nyengine ililetwa baadaye, ya kuzing'oa kabisa.
Majina yalishafika arubaini. Kalamu niliishika,
nikasema wino umekauka, rudini Jumamosi.
Walirudi. Nikasema nina mkono wa unga.

Khelef amenunua raba. Anazivaa na kanzu, hana haya.
Bado analalamika, kidato kwa kidato, vyote thalathini na kimoja:
Saateni, risiti, jua, madiwani.
Tunamsikia tangu chini. Sauti inapanda, inakaribia,
na mama anavuta kiti.